Gari Linalovutwa kwa Pua

"Gari gani hili, linavutwa kwa pua kama ng'ombe wa mnadani!" Winchi alibwata na kutupa funguo mezani, zikaangukia pazia alilokuwa akilipinda mkewe. "Magurudumu ya nyuma yamekaa tu kama wageni. Kazi yao kufuata!"

"Na wewe si unanifuata mimi?" mkewe akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mbona hujafa?"

"Sitanii, mama watoto. Leo nimemwacha Bibi, yule abiria wangu wa hospitali, chini ya mlima. Mimi! Nimemwacha chini!"

Hapo cherehani ikanyamaza.

Jina la Winchi, ile mashine ya kuvuta mizigo, hakupewa na baba yake. Alipewa na watu wa mlimani, kwa sababu barabara yao ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha inageuka sabuni. Madereva wengine wa teksi wakifika penye kibanda cha mkaa huzima injini na kusema, "Mwisho wa reli, shukeni." Winchi hakuwahi kusema hivyo. Alikuwa na gari la zamani, mwenyewe akiliita Ajuza, lililosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila masika yalipokaribia, wakati wenzake wanaziba mapaa, yeye alipakia magunia mawili ya mchanga kwenye buti. Mchanga uliyakandamiza magurudumu yale yakauma ardhi, na Ajuza akapanda huku akitikisa makalio kama bibi harusi. Jambo hilo Winchi aliliamini kuliko dawa.

Lakini Ajuza aliliwa na kutu mpaka ukidondosha sarafu sakafuni unaisikia ikilia barabarani. Siku kiti cha nyuma kilipozama na abiria juu yake, mke alisema basi. Wakamuuza Ajuza kwa watu wa vyuma chakavu, wakanunua hili la mgongo mrefu, buti limeungana na viti, mtu anaweza kulaza kitanda humo. Lilikuwa jipya kwao, ingawa wenzao walikwisha kulichoka. Chini halina propela wala difu ya kupeleka nguvu nyuma. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta.

Mvua ya kwanza ikaja. Winchi akafanya kama mtu mzima mwenye uzoefu: akapakia mchanga wake nyuma, yale yale magunia. Wahenga wamesema mazoea yana taabu, ila hawakumwambia yeye.

Gari lilifika robo ya mlima, likainua pua, magurudumu ya mbele yakazunguka bure yakilia kama watoto wamenyimwa. Fundi viatu, jirani wa Bibi, alikuwa akishuka amevaa shati lake jeupe la pekee, anakwenda kupigwa picha ya leseni. Akajitolea kusukuma. Naye alikuwa mzoefu. Alimsukuma Ajuza miaka mingi na anajua tope hurushwa na magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo akasimama mbele, akashika nguzo ya mlango. Tope lote likamwishia yeye. Picha haikupigwa.

"Shati nitakulipa," Winchi alisema.

"Utanilipa," fundi alisema, akitema udongo.

Bibi alibebwa mgongoni mpaka kwake, kama gunia. Huyu bibi hupelekwa hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, na akirudi hata kikombe hawezi kukinyanyua. Mwanawe, aliye mbali, alipopata habari alipiga simu: gari lisipopanda tena, anamhamishia chumba cha kupanga kule bondeni. Nyumba ile Bibi na marehemu mumewe waliijenga kwa mikono yao. Aliposikia neno chumba, alisukuma sahani kando.

"Nitaongeza gunia la tatu," Winchi alimwambia mkewe.

"Ongeza. Ongeza na tofali. Ongeza na mama yako."

"Mama yangu umuache!"

Siku ya hospitali ilipofika, mbingu zilikuwa zimefunguka. Mke alikuwa na mapazia ya kupeleka huko huko wodini. Winchi akiwa bafuni, alifungua buti, akakuta mchanga umejaa mpaka dirishani. Akayaburuta magunia yote nje, akapakia mapazia. Hakusema kitu. Kumwambia mwanamume yule habari za mchanga ni kufungua kesi upya asubuhi yote.

Mapazia mke aliyashusha mwenyewe; Bibi, aliyeshushwa mlima asubuhi mgongoni kwa majirani, akachukuliwa kwenye mashine yake, wakarudi. Mke, ambaye si mwembamba na hajawahi kuomba radhi kwa hilo, alikaa mbele. Penye kibanda cha mkaa Winchi alisimama.

"Mwanangu," Bibi alisema kwa sauti ndogo, "isipowezekana, nipeleke tu huko chumbani."

Winchi aliachia klachi taratibu.

Gari liliinamisha pua. Halikutikisa makalio, halikulia. Lilishika udongo likaanza kwenda juu, polepole, likijivuta lenyewe kama mtu anayepanda kamba. Maji mekundu yaliteremka pande zote mbili, na wao wakawa wanapanda katikati yake. Ndani walisikia mvua ikipiga paa. Maisha yake yote alisukumwa kutoka nyuma. Leo kitu kilimchukua mbele na kumpeleka. Fundi viatu, aliyekuwa akingoja kwenye kona amejivika gunia la plastiki tayari kwa tope, alibaki na mikono hewani. Gari lilimpita bila hata kumrushia tone.

Mlangoni kwa Bibi, Winchi alishuka mvuani akaenda nyuma kuyapapasa magunia yake, kuyashukuru. Akafungua buti. Tupu. Nyuzi mbili za pazia tu.

Alisimama pale maji yakimwingia shingoni. Akatazama buti, akatazama mlima, akatazama buti tena.

"Mchanga uko wapi?"

"Uani," mkewe alisema. "Haya basi, niseme."

Hakumsema. Alimtazama kama anamwona mara ya kwanza, halafu akaweka kiganja juu ya boneti yenye joto, akakiacha hapo.

"Subhanallah," alinong'ona. "Lilitaka niuachie tu mgongo wake, pua iume ardhi."

Bibi aliingia kwake kwa miguu yake, ameshikwa mkono, akaomba uji. Fundi viatu akafika akihema ndani ya gunia lake.

"Lile shati," Winchi alianza, "mwisho wa wiki..."

"Shati gani?" fundi alisema, macho yake bado mlimani. "Kuona jambo kama hili watu hulipa kiingilio. Mimi nilikwisha kulipa kwa lile shati. Yameisha, ndugu yangu, yameisha."