Joka Lililonuka Sambaza

Kitabu kile kilinuka sambaza. Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyetuhifadhi katika depo nyuma ya duka lake pale Sake, alikuwa amenunua furushi la vitabu vikuukuu vya Kifaransa ili achane kurasa za kufungia hao samaki wadogo wa ziwani. Hiki kimoja kiliokolewa na mwanawe Muhindo, mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu ya picha ya jalada: joka jeusi lenye mkono wa mtu mdomoni. Hadi leo nikisikia harufu ya sambaza waliokauka, mate hunijaa kinywani, na si kwa hamu ya kula.

Tulikuwa tumefika Sake kwa miguu, tukiikimbia vita ya kwetu Nyabiondo, katika milima ya Masisi: Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, mimi, mdogo wangu Amani, na Mama. Depo ilitupa paa, haikutupa chakula, kwa hiyo Mama akarudi kuchukua maharage yetu yaliyokuwa yameiva shambani. Siku aliyoahidi kurejea ikapita. Amani akanyamaza. Hakulia, hakuuliza, hakutamka neno. Alikaa mlangoni akitazama barabara ya Masisi, na uji wake ukapoa mpaka ukaota ngozi. Tuliogopa kwamba naye anatuondokea, akiwa amekaa palepale.

Alasiri, tukichambua maharage ya duka, Muhindo alitusomea kile kitabu akikigeuza kwa Kiswahili. Mfalme mmoja mchawi alifuga joka, akalituma kumeza vijiji. Mwandishi wake aliipenda damu kama mlevi apendavyo kasiksi ya ndizi. Kila mfupa uliovunjika alituvunjia mara ya pili, tusikie vizuri. Watoto wengine wa depo, wakimbizi kama sisi, walipiga makofi. Mimi nilishikwa na kinyaa, na siombi radhi kwa hilo. Aliandika kwamba kijiji kinachoungua hunukia utamu. Mwongo mkubwa! Kijiji kinachoungua hunuka manyoya ya kuku na maharage yaliyoteketea ghalani, na harufu hiyo hukaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeye alikuwa mezani kwake, ameshiba, anachagua maneno.

Mwishoni joka lilimeza kijiji cha mwisho, likalala usingizi. Muhindo akafunga kitabu, akainuka. Koko akamdaka shati. Kwetu, anayesimulia habari za zimwi haruhusiwi kusimama kabla hajawatoa tumboni wote waliomezwa. Akisimama mapema wanabaki humo, na lawama ni yake.

“Ikala chini,” Koko alimwambia. “Haujatosha batu mu tumbo ya joka.”

“Koko, kitabu inaisha hapa.”

“Na ule muntu mwenye aliandika, aliinuka tu?”

“Njo vile, Koko.”

Koko akatema mate pembeni, kama mtu aliyeuma kitu kilichooza, na shati hakuliachia. Papa Kasereka alikuja kumwita mwanawe wafunge duka, akaona mambo yalivyo, akacheka. “Mutoto, batoshe hao batu, tufunge duka!” Muhindo, kwa aibu, akasema haya, wote wametoka.

“Na majina yabo,” akasema Koko.

Muhindo akarudi kwenye kurasa, akapekua. Upanga wa mfalme ulikuwa na jina. Farasi wake alikuwa na jina, hata joka lenyewe. Wanakijiji hawakuwa na hata moja. Ndipo watoto wa depo wakaanza kumsaidia, kila mmoja akitaja jirani, mjomba, rafiki aliyebaki milimani, na Muhindo akiwatoa mmoja baada ya mwingine. Kisha sauti ikatoka mlangoni, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika.

“Na Mama,” alisema Amani. “Na kikapo yake ya maharagi.”

Koko akaliachia shati. Jioni ile Amani alikunywa uji wake wote.

Mama hakurudi, wala sitawadanganya. Lakini Amani aliishi. Leo anauza mawese kule Hombo, na mdomo wake una kelele kuliko soko lenyewe.

Mwanangu naye anavisoma vitabu vya namna ile, kwenye simu, hapa Goma tunapoishi. Husema ni vizuri kwa kuwa havidanganyi: humo hakuna anayeokoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi naona ni uvivu uliovikwa ngozi ya ushujaa. Juzi alimaliza kimoja alichokuwa akinisomea, akasimama aende kula. Nikamuuliza upanga wa shujaa unaitwaje. Akautaja papo hapo. Nikamuuliza, na yule mama aliyechomwa pamoja na kijiji chake, yeye aliitwa nani? Akatafuta, kidole kikipandisha na kushusha kurasa, chakula kikipoa mezani.

“Ikala chini,” nikamwambia.