Injinia na Waya Yatima

Ofisini walimwita Injinia, naye hakuwahi kujiuliza kama ni utani. Kazi yake hasa ilikuwa kupokea maombi ya vyeti vya kuzaliwa, dirisha namba mbili. Cheo alikipata siku alipoipiga kofi printa na printa ikachapa. Tangu hapo, kompyuta ikigoma popote, aliitelekeza foleni yake akakimbilia huko na bisibisi mkononi, hata kama mtu alikuwa amesahau tu neno la siri.

Jumatatu moja asubuhi alifungua kabati la mitambo kufuta vumbi. Akakuta ncha ya waya inaning'inia, haijachomekwa popote. Injinia hapendi vitu ovyo. Kwenye swichi, lile kasha linalogawa mtandao, palikuwa na tundu tupu. Akaichomeka, akafunga kabati, akaenda kunywa chai.

Chai haijapoa, mtandao ukafa jengo zima.

"Ni virusi," alimwambia mkuu wa ofisi. "Vikali sana hivi."

Akazima kila kitu, akawasha. Akazima tena. Dirisha namba mbili, mama mmoja alishinda kwenye benchi siku mbili na kichanga chake, ambacho kiserikali kilikuwa bado hakijazaliwa.

Jumatano akaja fundi wa kampuni ya mtandao, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi.

"Dada, uchunguzi nimeshamaliza," Injinia alimpokea. "Ni virusi."

"Asante, kaka. Kabla mtandao haujakatika, nani aligusa nini?"

"Hakuna. Hili kabati nalitunza mwenyewe."

Ndani ya kabati, taa zote za swichi zilikuwa zinapepesa kama zimepagawa. Fundi akachomoa waya mmoja mmoja. Wa saba ulipotoka, taa zikatulia. Akaufuata kwa vidole mpaka mwisho wake.

"Huu unatoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ileile," alisema. "Taarifa zinazunguka humu humu mpaka njia inaziba. Nani aliuchomeka?"

Masikio ya Injinia yalipata moto. Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, akaitazama ikipita.

"Watu wa usafi hao," akasema.

Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Baba, mimi ufunguo wa kabati sina," alisema taratibu. "Unao wewe, umeuvaa shingoni."

Mkuu wa ofisi, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alikohoa ili asicheke, kisha akaagiza iandikwe ripoti. Kwa kuwa mtaalamu alikuwa mmoja tu, Injinia akaiandika mwenyewe, kurasa nne, kuhusu "mzunguko usiotarajiwa". Mkuu akasaini bila kuisoma.

Kesho yake Injinia alimkuta mama wa usafi akipiga deki ukumbini.

"Mama, juzi... yaani jana, ulimi uliteleza."

"Uliteleza mbali," mama alijibu, akaendelea na deki.

Injinia akasimama ukutani, akasubiri sakafu ikauke ndipo apite.