Nilivyosoma chuo darasa moja na mama yangu mzazi, hadi sapu ikatupeleka kujificha Kilosa

Wakuu, salaam kwenu. Walio kazini, walio vijiweni, na nyinyi mnaosoma humu huku ticha anaendelea na lekcha, nawaona.

Kuna uzi jamaa aliuliza nini hasa kinawafelisha wanachuo. Nikasoma majibu yote. Bumu, ile pesa ya mkopo, kuchelewa. Mapenzi. Mikeka ya kubeti mpira. Kiingereza cha kuungaunga. Ticha anayefundisha kama anakimbizwa. Yote kweli, sibishi.

Ila nina kisa changu ambacho sijaona mtu anakigusa. Nakileta kama kilivyotokea. Sina haja ya kuongeza chumvi, chumvi yake yenyewe inatosha. Majina ya watu nimebadili, Mikumi na Kilosa nimeziacha kwa sababu bila hizo kisa hakisimami.

Twende.

Kwetu ni Mikumi. Baba ni mfanyabiashara wa vitunguu, anavifuata Lumuma kwa wakulima anakuja kuvisukuma huku barabarani. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu wa Berega, kalelewa karibu na misheni, anapenda mambo yaliyonyooka. Kwake daftari lisilo na pambizo ni dhambi ndogo.

Nilipomaliza form six niliomba chuo, shahada ya ualimu. Siku majibu yanatoka nilikuwa jikoni namenya ndizi, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Nikamwambia mama nimepata. Nikamtajia chuo, nikamtajia na kozi.

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi tutapanda gari moja," akasema.

Nikadhani anataka kunisindikiza.

Wakuu, mama alikuwa ameomba kimya kimya. Ruhusa ya masomo kazini ameshapewa. Chuo kilekile, kozi ileile, mwaka uleule. Baba ndiye peke yake aliyekuwa anajua, na kunyamaza kwake kulikuwa kunampa raha sana.

Kabla hatujaondoka akaniita uani.

"Elia, huko chuoni usiniite mama."

"Kwa nini?"

"Nimekuwa mama na mwalimu maisha yangu yote. Huko nakwenda kuwa mwanafunzi. Ukiniita mama, wiki haiishi nitaanza kukupikia."

"Sasa kupika kuna ubaya gani?"

"Ndiyo hicho ninachokisema."

Tukakubaliana. Chuoni sisi ni watu wa Mikumi tunaofahamiana tu. Yeye akapanga chumba na mwalimu mwenzake, mimi nikaingia hosteli. Nilifurahi kimoyomoyo, nikajua uhuru wangu umepona.

Haukupona.

Wiki ya kwanza mama akakaa kiti cha mbele kabisa. Wiki iliyofuata wakamchagua CR, kiongozi wa darasa, bila mpinzani. Darasa zima likaanza kumwita Mama. Yaani watoto wa watu kutoka Kagera, Mtwara na Songwe wanamwita Mama, mimi mtoto wake wa kumzaa ndiye namwita Madam Eunike.

Na mnajua utaratibu wetu wa kusainiana mahudhurio. Siku moja nimelala zangu hosteli, jamaa yangu Kasimu akanisainia. Mama akaipokea karatasi, akatazama darasa, akauliza mbele ya ticha, kwa upole kabisa, "Ndugu Elia yuko wapi? Naona amesaini, simwoni alipokaa."

Kasimu alirudi hosteli kanuna. "Kaka, yule mama ana kisirani na wewe. Kwenu mmegombania shamba?"

Nikamwambia ni mambo ya zamani, aachane nayo.

Basi mwaka ukaenda hivyo. Mimi nilikuwa mtu wa madesa, zile notsi za kudurufu zinazozunguka chuo kizima mpaka maandishi yamefifia. Nakariri wiki ya mtihani, nikitoka ukumbini kichwa kimeshafutika. Madam Eunike namwona kimbwetani, kwenye ile meza ya zege ya nje, kila jioni, miwani puani, amezungukwa na watu anawaelekeza. Mimi napita mbali na kile kimbweta kama napita msibani.

Matokeo ya mwaka yakatoka tupo likizo Mikumi.

Nikafungua simu. Sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, Falsafa ya Elimu na Isimu.

Baba akauliza wakati wa chakula cha mchana, nyama imeshagawiwa. Mama akasema, "Nashukuru Mungu," halafu akasogeza bakuli la mchuzi. Mimi nikasema ukweli kwa sababu sikuwa na pa kupitia.

Baba akatafuna taratibu, akameza.

"Kwa hiyo umeshindwa na mtu niliyemwoa mimi."

Tangu siku hiyo soko zima la vitunguu lilijua. Baba akipima gunia anasimulia. Mteja ameshuka kwenye basi anataka kitunguu tu, anaondoka anajua kwamba mke wa muuzaji ni kichwa na mtoto wake ana sapu. Wazee wananiita nikipita, kila mmoja ananipa sababu yake ya kufeli kwangu. Huyu simu. Yule wasichana. Mwingine anasema ni wali wa chuoni, haukai tumboni. Shikamoo, marahaba, halafu ushauri. Nikaanza kuzunguka nyuma ya nyumba za watu nikitumwa dukani.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Siku moja naanua nguo, mama akaja akasimama upande wa pili wa kamba, shuka limetutenganisha. Miguu yake tu ndiyo naiona.

"Elia, wewe kompyuta unaijua?"

"Naijua."

"Ukiambiwa fungua faili, weka jedwali, hifadhi, unafanya?"

"Nafanya."

Kisha shuka likasema, "Basi na mimi nina sapu."

Wakuu, nilishika ile kamba.

CR. Madam Eunike. Kapata A za kutosha, kakamatwa na somo la kompyuta. Nikamuuliza imekuwaje, maana kazi zote za kikundi alileta zimechapwa vizuri.

"Nilikuwa nawasomea, wenzangu wanachapa," akasema. "Kwenye mtihani wa vitendo nikawa mwenyewe. Nyinyi mnashika kipanya kama mmezaliwa nacho. Mimi kile kishale kinanikimbia."

"Si ungeuliza?"

"Niinue mkono niulize kipanya kinashikwaje, na mimi ndiye CR?"

Nilitaka kucheka, nikaona miguu yake imetulia mno. Haikuwa kichekesho kwake. Akifeli na sapu atarudia mwaka, na ruhusa ya kazini haitafika mwisho wa kozi. Atarudi darasani kwake Mikumi mikono mitupu, na mwalimu mkuu aliyempigania atasema nini. Na baba ndiyo hivyo, ameshatangaza.

Tukapanga. Mimi namfundisha kompyuta, yeye ananinoa kwenye Falsafa na Isimu. Baba asijue. Na kwa kuwa Mikumi kila mtu anamjua mwalimu, tukaamua kuhamia Kilosa kwa bibi, mama yake baba. Tukamwambia baba kwamba bibi ana mahindi ya kupukuchua na anahitaji watu.

Baba akasema ni wazo zuri sana.

Adhabu ya uongo ni kwamba bibi kweli alikuwa na mahindi. Tena mengi. Nyumba yake iko jirani na reli, babu alikuwa mfanyakazi wa reli tangu stesheni ya Kidete, na stoo ya bibi ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Asubuhi zote tulipukuchua. Vidole vikatoka malengelenge.

Lakini hapohapo kwenye mahindi ndipo nilipojifunza Falsafa. Mama hakunipa notsi. Ananiambia, "Mweleze bibi." Nikisema sentensi ya desa, bibi anauliza maana yake nini, na mimi sina maana yake, nina sentensi tu. Inabidi nianze upya kwa maneno yangu.

Siku moja nimejieleza vizuri kabisa juu ya wale wanafalsafa wa kale waliokaa wakitafakari elimu ni nini. Bibi akapukuchua gunzi lake mpaka likaisha.

"Hao watu wa kukaa na kufikiri," akasema, "nani alikuwa anawalimia?"

Mama akacheka mpaka akatoa miwani. Ila akasema nikaliandike hilo swali nilitafutie jibu, na nililijibu, na ndiyo siku ya kwanza niliposoma kitu cha chuo kwa sababu nataka kukijua.

Mchana ilikuwa zamu yangu ya ualimu. Tulikwenda kwenye steshenari ya dada mmoja, Rehema, karibu na stendi, ana kompyuta za kukodisha. Shida ni kwamba walimu wanajulikana wilaya nzima. Kila dakika anaingia mtu aliyewahi kufundishwa na mama Mikumi, sasa ana ndevu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo? Namsimamia huyu mwanangu, kompyuta inampa tabu kidogo."

Akisikia mlango tu anasukuma kiti, mimi ndiye nakaa kwenye kioo. Yeye amefuta jedwali zima, mimi ndiye nanyooshewa kidole. Kuna siku alibonyeza kitufe cha herufi kubwa hakujua, akaandika ukurasa mzima kama mtu anayegombana. Akaingia kijana mmoja, akasoma, akanitazama kwa huruma, akamwambia mama, "Mwalimu, usimkatie tamaa."

"Simkatii," mama akasema. Hata aibu hakuona.

Kusema kweli alikuwa mwanafunzi mgumu. Sio kwamba hajui, anaogopa. Anagusa kipanya kama kitamuuma. Na mimi sikuwa na subira, nilikuwa na ile sauti ya kijana anayejua kitu kimoja.

Siku moja Rehema ametoka kwenda kununua wino, tupo wawili tu. Mama amekaa, mimi nimesimama nyuma yake.

"Hapana, sio hapo. Nimeshasema bonyeza mara mbili. Mara mbili kwa haraka. Kwani mkono una nini leo? Rudia."

"Unamsemesha nani hivyo?"

Sauti ya baba.

Alikuwa mlangoni na vumbi la Lumuma mpaka kwenye kope. Lori la vitunguu limepaki stendi, kaja kutoa kopi ya kibali cha mzigo. Nyuma yake vijana wake wa kupakia wawili.

Wakuu, nyinyi mnajua. Kumsemesha mama mzazi vile, mbele ya watu, tena baba amesikia kwa masikio yake. Nikisema namfundisha, namuumbua mama. Nikikaa kimya, mimi ni mtoto asiye na adabu, na habari itafika Mikumi kabla ya lori.

"Samahani baba," nikasema.

"Nimekuuliza unamsemesha nani."

Mama angeweza kuniacha pale. Alikuwa na maneno tayari, yale ya kumsimamia mwanangu, ameyatumia wiki nzima. Nikamwona anavua miwani, anaikunja, anaiweka juu ya kibodi.

"Anamsemesha mwanafunzi wake," akasema. "Baba Elia, mimi nimefeli kompyuta. Nina sapu kama yeye. Mahindi yapo kweli, ila tulikuja kujificha."

Wale vijana wakageuka wakaangalia barabara kama kuna kitu kinapita. Hakukuwa na kitu.

Baba akaja, akavuta stuli, akakaa. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akatazama kioo.

"Kwa hiyo nyumba nzima ina sapu. Mimi peke yangu ndiye sijafeli."

"Hujafeli kwa sababu hujafanya mtihani," mama akasema.

Baba akatikisa kichwa. Mabega yakaanza kumcheza, nikajua anazuia kicheko mbele ya vijana wake. Alipotulia akainuka, akaniwekea mkono begani, mzito.

"Endelea kumfundisha. Ila punguza sauti. Huyo ni mke wangu."

Akatoka. Kopi ya kibali akaisahau, nikamkimbilia nayo.

Niliporudi mama alikuwa ameshavaa miwani. Akashika kipanya, na siku ile hakukiogopa. Mlango ulipofunguka akaingia mama mmoja wa kanisani kwa bibi, akamsalimia, na mama hakusukuma kiti. "Karibu," akasema, "ninajifunza kompyuta." Yule mama akavuta stuli ya baba, akakaa kutazama.

Tukaenda tukafanya sapu. Mama alipata B. Mimi Falsafa nikapata B pia, hiyo ilinishangaza hata mimi. Isimu nilipita kwa kuchechemea, C ya huruma, lakini nimepita.

Mwaka wa pili ulipoanza, siku ya kwanza ya lekcha mama alisimama mbele kama CR, akatoa matangazo yake, kisha akasema kuna kipindi cha kompyuta jioni kwa wasioweza, wasione aibu, yeye mwenyewe alikuwa na sapu. Nikaona watu wanatazamana. Jioni walijaa, wakuu. Hadi jamaa wenye laptop kali, wanaotembea nayo mgongoni kutwa, walikuja kujifunza jedwali.

Mwisho wa matangazo yale akasema, "Atakayewafundisha ni mwanangu Elia, amekaa kule nyuma."

Kasimu aligeuka taratibu. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nilichokiona mimi ni hiki. Bumu linachangia, ticha anachangia, wali wa chuo labda nao unachangia. Lakini wengi tunazamishwa na aibu ya kuuliza. Mimi sikutaka kusogea kwenye kile kimbweta kwa sababu ya nani amekaa pale. Mama hakutaka kuinua mkono kwa sababu ya cheo. Kila mmoja alikuwa na majibu ya mwenzake mwaka mzima, tukapitana nayo koridoni.

Sasa tupo field, tunafundisha sekondari moja pale Mikumi, mimi na yeye. Tunalala nyumbani, anapika baba. Chumvi anazidisha lakini hatusemi.

Uwanja ni wenu. Kama una mzazi aliyerudi shule, au kilichokufelisha wewe ni kingine kabisa, shuka nacho hapa. Wale wa kuuliza mama ana umri gani, piteni kimya, baba yupo.

Na kuna ID mpya humu imejiunga juzijuzi, inapita kwenye comment zangu inanirekebisha alama za uakifishaji. Sisemi kitu. Ila naomba iniache nipumue.