Filamu ya Tatu Ilikosa Msomaji

Kwenye kaunta ya maktaba hapa Stafford, ughaibuni, mama mmoja wa Kitanzania alirudisha DVD ya filamu ya mwisho kati ya tatu za upelelezi kutoka Sweden. Karani, Mkenya, akamuuliza, "Mama, kwani muuaji alikuwa nani?"

"Sijui, mwanangu. Zile mbili marehemu mume wangu alinisomea maandishi ya Kiingereza ya chini ya skrini, akiyageuza kuwa Kiswahili. Hii nimeangalia midomo tu."

Akalipapasa kasha, kisha akalisukuma mbele.

Nilikuwa nyuma yake. Kiingereza nakisoma, na Jumapili yangu ilikuwa tupu. Nikatazama saa, kama sisi wa huku tunavyojua kutazama saa. Filamu hiyo niliiona zamani, na muuaji ninamjua. Hata hilo sikumwambia.