Majibu Matatu

Kila nikisikia harufu ya mbaazi mbichi sokoni Kithimani, namwona mama akiambua mbaazi uani kwetu, na dada yangu mkubwa akiniuliza maswali.

"Mto mrefu kuliko yote Kenya?"

"Tana."

"Mnyama gani hushinda majini mchana, usiku anakula nyasi?"

"Kiboko."

"Nini huwasha taa bila kiberiti?"

"Stima."

"Sasa, hivyo vyote vitatu viko wapi pamoja?"

Nilifikiri, kisha nikajibu kwa fahari, "Kwa bwawa la stima."

Mama aliinuka, mbaazi zikamwagika, akaingia ndani.

Dada akanong'ona, "Ni makosa yangu. Tulikuwa na kaka kabla uzaliwe. Alizama huko."

Nilitazama sweta niliyovaa. Mikono yake ilinizidi urefu. Sikuuliza ilikuwa ya nani.