Mbuzi Aliyesingiziwa Kamusi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile bibi yangu Mwaka alipomfunga mbuzi wake kamba akampeleka kwa watu kulipia kosa ambalo mnyama yule hakulifanya. Mimi nilikuwa nyuma nikimsukuma. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kosa lilikuwa langu.

Jana nilikuona umekaa na mwenzako, mnacheza ule mchezo wa simu wa kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi mlizopewa. Alipokuuliza maana ya neno moja, uliifunika simu kwa kiganja. Sikukugombeza. Mimi wa kukugombeza ni nani? Kaa hapa kidogo nikuhadithie.

Kwetu Makunduchi nilikuwa na rafiki akiitwa Miza. Maji yakipwa tulikwenda na mama zetu kufunga mwani kwenye kamba, zao letu la baharini. Mwalimu wetu mmoja alipohamia Pemba alituachia kamusi ya Kiingereza, moja kwa watu wawili, basi tukaipasua. Mimi nikachukua A mpaka L, Miza akachukua M mpaka Z, na kila mwezi tukabadilishana. Huko pwani, magoti yamezama mchangani, tulikuwa tukijaribiana. "Haya, yanayoanza na S na T!" Nami nataja: star nyota, stone jiwe, storm dhoruba, stick fimbo. Anayekwama humfungia mwenziwe kamba nzima ya mwani. Miza alikwama mara chache sana. Nyingi nilizifunga mimi.

Kisha ikaja habari kuwa hoteli moja ya Kendwa inatafuta msichana wa mapokezi, na kuna mtihani wa Kiingereza. Nafasi ilikuwa moja. Baba yake Miza alikwisha kufariki, na mama yake kifua kilikuwa kinamsumbua kwa maji yale ya kila siku. Kazi ile ingemtoa baharini, nami nililijua hilo kama alivyolijua Miza mwenyewe. Zilipobaki wiki mbili, ikafika siku ya kubadilishana. Akaniletea nusu yake. Mimi nikamwambia yangu, ile ya A mpaka L, imeliwa na mbuzi wa bibi.

Ilikuwa chini ya godoro langu.

Unajua alinijibu nini? "Masikini, usilie. Soma hiyo yangu, mimi nshaizowea." Nami nikalia kweli, kwa aibu, na kitabu chake nikakichukua.

Njia ya mwongo fupi. Habari ilimfikia bibi, naye hakuwa mtu wa kulala usingizi mnyama wake akila cha mtu. Alfajiri akaniita nimsaidie kumsukuma mbuzi, tukenda mpaka kwa kina Miza. Mama yake Miza akatoka na shikamoo yake, bibi akaitikia marahaba, kisha akasema:

"Mbuzi wangu kala kitabu cha mwanao. Kitabu sina, nna mbuzi. Mpokee."

Mama yake Miza akacheka. "Bi Mwaka, hebu mrudishe mnyama wako. Makaratasi tu hayo."

"Makaratasi hayo ndiyo yangekutoa wewe baharini."

Yule mama akaipokea kamba. Miza alikuwa mlangoni ananitazama. Pale ndipo palikuwa pa kusema, mwanangu. Maneno nilikuwa nayo, A mpaka Z, na sikusema hata moja.

Katika mtihani tuliambiwa tuandike maneno matano yanayoanza na K na N, na maana zake. Nikaandika knot fundo, knee goti, knife kisu, knock kubisha hodi, know kujua. Miza alikaa mbele yangu. Aliandika mawili, kalamu ikasimama. Kazi nikapewa mimi.

Nilifanya kazi miezi miwili. Kila nikirudi nyumbani nampita mbuzi yule kwa kina Miza, kanenepa, na wenyewe wako majini. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na pembe. Siku moja nikaitoa ile nusu chini ya godoro, nikamfuata Miza pwani, nikamwambia yote. Hakuacha kufunga. Alimaliza kamba yake, akapangusa mikono kwenye kanga, akakipokea kitabu.

"Nshakusikia," akasema. "Mbuzi mrudishe kwa bibi yako, na umwambie mwenyewe."

Afadhali angenitukana. Nikamkokota mbuzi mpaka nyumbani, nikamweleza bibi. Alikaa kitako uani, mkono uko mgongoni kwa mbuzi wake. "Nimemsingizia kiumbe cha Mungu kwa kukuamini wewe," akasema. Sijapata kupigwa kukaniuma kama maneno yale.

Nilimwomba msimamizi ampe Miza nafasi yangu, akanijibu hoteli si shamba la kuachiana. Miza alizisoma nusu zote mbili, akaja kuwa mwalimu, lakini ilimchukua miaka minne, na miaka yote ile mama yake aliikohoa majini. Hilo sikuweza kulirudisha.

Alinisamehe. Ila mpaka leo tukikutana harusini, mbele za watu, huniuliza, "Mbuzi hajambo?" Nami hujibu, "Hajambo, kashiba." Watu hucheka wasijue wanachokicheka. Mimi nacheka nao huku moyo unanichoma.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kidole kimoja hakivunji chawa, na neno ulijualo halipungui ukimpa mwenzako maana yake. Mshinde ukiweza, lakini mshinde naye kakiona kitabu chote. Na ukiteleza ukasema uwongo, usingoje mpaka asiye na kosa aje kuulipia. Sema palepale mlangoni, kamba ingali mikononi mwa bibi yako.

Haya, inuka ukamwambie mwenzako maana ya lile neno. Mwenyezi Mungu akufungulie elimu, akuruzuku rafiki kama Miza, na akuepushe usije ukaulizwa uzeeni habari za mbuzi.