Marsela Hataki Pole

Saa kumi na mbili asubuhi, Mang'ola. Marsela ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya rundo la vitunguu. Mimba ya miezi saba haimruhusu kuinama. Anachambua, anajaza gunia, na vile vikubwa vinavyong'aa anavipanga juu, kama wafanyavyo wapakiaji wote hapa.

“Mnunuzi mjanja haangalii juu,” anasema. “Anapapasa ubavuni mwa gunia, vilipo vidogo.”

Miezi miwili iliyopita, kipimo cha picha mjini Karatu kilionyesha shingo ya mtoto ni nene kuliko kawaida. Akapelekwa hospitali kubwa jijini, gharama zikabebwa na mradi wa utafiti. Huko walichota kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto tumboni.

Majibu yalimchanganya. Baadhi ya seli za mtoto zina kromosomu moja ya ziada, vile vinyuzi vinavyobeba tunachorithi kwa wazazi. Nyingine hazina.

Marsela akapata tumaini: sindano imegusa pabaya tu, kama mkono wa mnunuzi! Akamwomba daktari, Anitha, achote upande wa pili.

“Dada Marsela, hata nikichota tena, maji hayataniambia moyo au ubongo wake umepata seli zipi,” daktari akamjibu. “Anaweza kuathirika kidogo, anaweza kuathirika sana. Mengine tutayajua akikua.”

Loo! Jibu gani hilo la kurudi nalo nyumbani?

Mumewe, Patrisi, alitaka kujua kosa ni la nani. Marsela alijilaumu kwa kupulizia dawa shambani. Daktari akawaambia hitilafu hiyo hutokea yenyewe seli zinapogawanyika mwanzoni kabisa, wala hakuna wa kulaumiwa.

“Nililia mpaka nikachoka,” anasema.

Kilichomuumiza zaidi ni mama mkwe wake, Katarina. Alikuwa akimwekea samli ya uzazi, ya kumpa nguvu akishajifungua. Aliposikia majibu, akaacha. Majirani nao wakaanza kuja na pole.

“Pole ya nini? Mtoto anacheza tumboni, wao wananipa pole kama nimefiwa!”

Atajifungulia hospitali, ili moyo wa mtoto upimwe mapema. Wiki iliyopita alimfuata Katarina jikoni, akamuuliza, “Mama, samli yangu iko wapi?” Jana alikuta kibuyu kimejaa samli mlangoni pake.

Anafunga gunia, anaweka mkono tumboni.

“Akizaliwa, waje na unga wa uji kama kwa mzazi yeyote. Na vigelegele vipigwe,” anasema. “Vya nusu sitaki.”